Utepe Mwekundu wa Gurudumu la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Meneja ametangaza kwamba karakana yetu ya ndege itakuwa na Kitengo cha Uchovu. Si kitengo cha watu waliochoka, kama alivyouliza fundi rangi, bali cha kuhakikisha hakuna anayeshika spana huku macho yanafumba. Kitengo kitakuwa na mkuu. Mkuu atakuwa na ofisi yenye dirisha na kiti kinachozunguka. Kiti nimeshakiona. Nimekikalia kidogo, mlango ukiwa umefungwa. Kinanifaa.

Mimi ndiye msimamizi wa zamu ya mchana, kwa hiyo mtu angedhani nafasi ni yangu. Lakini kuna Mkaguzi. Sote tunamwita Tochi, kwa sababu haamini kitu mpaka akimulike. Bwana huyu hana makuu. Anakula kwa wakati, zamu ikiisha anaondoka, kwenye mikutano hasemi kitu. Watu wa namna hiyo ni wa kuogopwa sana.

Nimeazimia. Kabla wiki haijaisha, Meneja atajua bingwa wa mapumziko ni nani. Nimeanza kuandika mhadhara. Silali mpaka uishe.

Jumanne, 4 Machi

Mhadhara umefika pazuri. Kuna sentensi moja inanipendeza mno: mtu aliyechoka ndiye wa mwisho kujua kwamba amechoka. Nimeisoma kwa sauti tena na tena, hadi mke wangu akauliza kama ninaongea na kioo. Nilikuwa ninaongea na kioo.

Anasema macho yangu yamekuwa mekundu. Nimemwambia hiyo ni ari ya kazi. Akajibu kwamba ari haimfanyi mtu avae fulana juu ya shati.

Kazini nimempitia Shemeji, kaka yake mke wangu, fundi wetu wa magurudumu na breki. Mtu stadi, mikono yake haijui kulipua kazi. Ila ana mtoto mchanga nyumbani ambaye amegeuza usiku kuwa mchana, na mwenyewe amebaki macho tu. Nimemkuta amesimama mbele ya kabati la vifaa, kashika mpini, katulia. Nilidhani anafikiri. Alikuwa amelala! Nilipomgusa alishtuka, akaniomba radhi, kisha akauliza kwa upole kama anaweza kupewa kazi nyepesi wiki hii. Nikamjibu kwamba suala la uchovu ninalishughulikia kwa upana wake, avute subira. Akanitazama kidogo, akasema sawa, shemeji.

Sikuipenda ile sawa yake. Nimeiwaza njia nzima. Lakini nikimpa kazi nyepesi, itaonekana zamu yangu ina watu waliochoka, na Tochi atapata la kusema.

Jumatano, 5 Machi

Wazo! Kitengo bila chumba cha kupumzikia ni maneno matupu. Nyuma ya stoo ya matairi kuna chumba cha makopo ya rangi. Nimewaamuru mafundi wakisafishe. Wamekisafisha wakati wao wa kupumzika, maana kazi haiwezi kusimama. Nilihisi kuna kitu hakijakaa sawa katika amri hiyo. Nikajaribu kukitafuta, kichwa kikagoma.

Chumba sasa kina kitanda na pazia. Nimekipiga kufuli kisichafuke kabla ya ufunguzi. Shemeji akauliza kama anaweza kujinyoosha humo kidogo tu. Nikamwambia kesho, Meneja akishakata utepe. Tochi naye akaja. Akamulika kitanda, akamulika kufuli, akanimulika mimi usoni, akaenda zake. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Naandika haraka kabla kalamu haijaniponyoka.

Asubuhi nilitangaza kila fundi aache alichonacho aje kusikiliza mhadhara. Kila mtu, bila kisingizio. Shemeji alikuwa katikati ya kufunga gurudumu la kushoto la ile ndege ndogo ya abiria. Akaomba amalize kwanza. Nikasema uchovu haungoji mtu. Basi akafunga utepe mwekundu kwenye gurudumu, akaja. (Kwa watakaoisoma shajara hii nikishakuwa mashuhuri: kwetu fundi akikatizwa kazi hufunga utepe mwekundu pale alipoishia. Maana yake, hapa hapajaisha. Anayeufungua ni yule yule aliyeufunga, basi.)

Nimehutubia kwa kirefu. Baadhi yao walifumba macho ili wasikie vizuri zaidi. Shemeji aliegemea ukuta akaanza kukoroma, nami nikapandisha sauti.

Mara balaa! Meneja yuko njiani na utepe wa kukata hakuna. Nilisahau kuununua. Nikakimbia huku na huku, macho yanaona maruweruwe, sijui nilipita wapi na wapi. Mahali fulani nikaona utepe safi, mwekundu, unaning'inia tu bila kazi. Nikauchukua. Meneja ameukata, watu wamepiga makofi, picha zimepigwa. Amesema chumba kinapendeza na kwamba mkuu wa kitengo atatangazwa kesho. Nimerudi nyumbani ninaelea. Nimepita kituo changu bila kushuka.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Ndege ndogo ilikuwa inavutwa nje. Abiria walikuwa wameshafika, wanangoja nyuma ya kioo. Tochi akasimamisha trekta kwa mkono, akachuchumaa, akamulika gurudumu la kushoto. Alikaa pale muda, kisha akamwita Meneja. Nati ilikuwa imekazwa kwa vidole tu, na pini ya kuizuia isifunguke haikuwapo. Ndege ingekimbia hivyo hivyo, ikaruka, ikatua. Kama ingefika kutua.

Shemeji akaitwa. Akasema baada ya mhadhara alirudi kwenye ndege, hakuona utepe, akajua alishamaliza. Hakumbuki kumaliza, lakini siku hizi hakumbuki mambo mengi. Kisha, kabla hajaulizwa, akatoa leseni yake mfukoni akamnyooshea Meneja. Leseni ile ameisotea miaka. Ndiyo inayomlisha yeye, mkewe na yule mtoto.

Nikatazama pembeni kwa aibu ya kumwona vile. Nikaona mlango wa chumba cha kupumzikia, na kipande cha utepe kikining'inia.

Nikakumbuka nilikoutoa. Nikakumbuka hata nilivyouvuta, ulikuwa umefungwa vizuri, kwa fundo la mtu makini.

Nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilinyamaza. Niliwaza kwamba utepe hauna jina la mtu. Niliwaza kiti kinachozunguka. Nilinyamaza kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nyuma ya kioo mama mmoja alikuwa amepiga magoti anamfunga mtoto wake kamba za viatu, na mtoto alikuwa anaionyesha ndege kwa kidole, anacheka. Na Shemeji bado alikuwa ameunyoosha mkono.

Nikasema. Si kwa ushujaa. Nilianza kwa kueleza uhaba wa tepe katika karakana yetu, nikapitia umuhimu wa sherehe, na hatimaye nikafika kwenye gurudumu. Hakuna aliyecheka, na ingekuwa nafuu kama wangecheka. Shemeji alinitazama, akashusha mkono. Meneja hakupaza sauti. Aliniuliza mara ya mwisho nililala lini. Nikafungua mdomo kujibu, nikagundua sijui.

Akasema aliyesema ukweli haadhibiwi hapa, la sivyo kesho hakuna atakayesema. Shemeji aende nyumbani akalale, na akirudi apewe kazi nyepesi. Mimi pia nikalale mpaka Jumatatu. Kitengo cha Uchovu ni cha Tochi.

Tochi mwenyewe alimrudishia Shemeji leseni mfukoni, akanishika bega. Angenitukana ningejua la kufanya.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelala. Nilipoamka jua lilikuwa upande mwingine wa nyumba na mke wangu amenivua viatu.

Nimeketi jikoni nawaza. Sentensi ile niliyoipenda ilikuwa inanisema mimi, nami nimesimama mbele ya kioo nikiisoma kama inamhusu jirani. Niliona utepe, sikuona gurudumu. Macho yalikuwa wazi kabisa. Hilo ndilo linalonitisha: sikuhisi chochote, nilijiona hodari. Kama si yule bwana na tochi yake, leo watu wangekuwa wanalia mahali fulani, na mimi ningekuwa nazunguka kwenye kiti.

Nikalia kidogo. Mke wangu akaniwekea maji mezani bila kuuliza. Baadaye akasema kaka yake hana kinyongo, ana usingizi tu.

Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine. Nimeapa.

Jumapili, 9 Machi

Mtu mwingine naye ana mipango yake! Nimeamka na wazo. Tochi hawezi kukiendesha kitengo peke yake. Atahitaji mkuu msaidizi, na msaidizi naye lazima apate kiti. Kinachotakiwa ni kumwonyesha Meneja kwamba yupo mtu anayejali mapumziko ya mafundi hata siku ya mapumziko.

Kwa hiyo nimeamua kumpigia simu kila fundi nyumbani, kuhakikisha amelala. Nimeanza na Shemeji, maana ndiye mwenye haki zaidi. Simu imeita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Hatimaye amepokea kwa sauti ya chini ya shuka, akasema alikuwa amelala, na mama mtoto alikuwa amelala, na mtoto naye alikuwa amelala, wote kwa pamoja, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Nyuma yake nikamsikia mtoto anaanza kulia.

Matokeo mazuri kuliko nilivyotarajia! Nimempongeza sana. Nimemwambia arudi kulala, nitampigia tena baada ya muda kuhakikisha.