Uzinduzi wa Kompyuta Kuu ya Protini Zilizobanwa, Hyderabad

Mheshimiwa Waziri, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika. Bwana Mkurugenzi na mkeo. Profesa Annapurna Kolluri na wanafunzi wako. Wadau wote wa protini, kila mmoja kwa cheo chake na kwa itifaki iliyozingatiwa: namaskaram.

Mimi, Raghunatha Sastri, Naibu Katibu wa Sayansi na mlezi wa mchakato huu tangu ulipokuwa wazo, nimeagizwa nizindue kompyuta kuu itakayoigiza namna protini inavyojikunja ikibanwa katika kijitundu kidogo kuliko chembe ya vumbi, jambo ambalo Profesa alinieleza mara nyingi nami nikalielewa kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi.) Protini ni uzi. Ukiuacha peupe hujisokota ovyo, na msokoto wa namna hiyo ndio uliomsahaulisha mama yake Profesa jina la binti yake. Ukiubana, mara nyingine hujikunja kwa adabu. Sisi serikalini tumeitekeleza nadharia hiyo kwa vitendo: watafiti wote tumewahamishia chumba kimoja kisicho na dirisha, na tathmini shirikishi imeonyesha mkunjo wa kuridhisha. (Kicheko nyuma.)

Naona Profesa amesimama. Sema, amma, mama yetu.

("Bwana Sastri, tumengoja miaka sita. Tutaiwasha lini?")

Swali zuri. Kuwasha ni awamu ya tatu. Leo ni awamu ya kukata utepe, na utepe umekatika kwa ufanisi unaozidi malengo.

("Basi nifungulie mlango niione tu.")

Mlango utafunguliwa kimkakati. (Minong'ono. Profesa anauelekea mlango.) Amma, taratibu. Waandishi, kamera chini. Wananchi, semeni nami: Protini ibanwe, taifa lipanuke! (Wawili wanaitikia.)

Namalizia kwa shukrani, kwa kuwa mlango umeshafunguka. Namshukuru Bwana Yadagiri, mpiga muziki wa harusi, kwa kutuazima makabati yake ya spika yenye taa za kumetameta mnayoyaona humo ndani, ambayo anayahitaji harusini Secunderabad kabla bwana harusi hajashuka kwenye farasi. (Kelele.) Namshukuru Profesa, anayetoka na wanafunzi wake bila kunitukana. Kuhusu kompyuta yenyewe, amma, usikate tamaa: ombi la kuinunua tutaliandika mara tu tutakapokubaliana ofisini neno "protini" huandikwaje.