Kitufe cha Shikamoo

Alhamisi, 14 Januari 1999

Alhamdulillahi, swaumu imekwenda salama. Kompyuta niliyoinunua mnadani imewaka! Cornel, yule mwanafunzi wa kompyuta niliyemwomba anitengenezee gemu, ameleta la kwanza. Nikalitazama. Jamaa, fimbo, fisi. Kitufe cha kuruka, kitufe cha kupiga. Basi! Nikamwuliza vingine viko wapi. Akasema havipo, iliyobaki ni kuling'arisha tu: ukibonyeza, jamaa aruke hapohapo, fimbo ikimpata fisi, mchezaji aisikie mkononi. Ameshinda kutwa akirekebisha mlio wa fimbo. Kutwa! Nimemsikitikia.

Mimi sina nafasi ya mzaha. Chumba hiki hapa Nkuhungu kilikuwa cha cherehani ya mke wangu, Nasma, kabla sijakiwekea mabenchi ili watoto walipe kucheza. Ameniambia wazi: Idi Mosi mabenchi yasipojaa watoto, kompyuta itoke, cherehani irudi. Na ng'ambo ya barabara yupo Mwanasha. Ana banda la gemu, na ana ulimi.

Ijumaa, 15

Nimetoka msikitini na wazo. Gemu letu halina adabu! Jamaa anawapita wazee kimya, kijiji gani hicho? Nimeagiza kitufe cha shikamoo. Mzee aitikie marahaba, aulize nyumbani, aulize mifugo, aulize mvua. Ndipo njia ifunguke. Cornel akaniuliza, "Mzee Swalihu, na fisi atasubiri?" Nikamwambia hilo ni la fisi.

Jumamosi, 16

Nimeongeza msafara wa mababu zangu, mbuzi, duka la vitambaa, basi la Kondoa, na udhu kabla ya kila hatua. Vitufe vimekuwa vingi hadi nimebandika karatasi ya maelekezo ukutani. Sasa jamaa akiambiwa aruke, anatulia kwanza. Cornel anasema amelemewa na hayo mazagazaga. Mimi naona amepata busara.

Jumapili, 17

Cornel ameomba lile gemu dogo la kwanza, kama silihitaji. Nikampa kwa moyo mweupe. Ni Ramadhani, tutoe. Mwanasha kapita dirishani, kachungulia, kauliza kama jamaa wangu amekufa wima au anangoja futari. Nimefunga, nikamfungia na dirisha.

Jumanne, 19. Idi Mosi

Nasma alisimama mlangoni kuhesabu vichwa. Tulipotoka kuswali tu, watoto walijaa na nguo zao mpya. Nilikaribia kulia. Bashiri wa jirani akaanza. Akaamkia. Alikuwa bado anaulizwa habari za mifugo alipoliwa na fisi. Akarudia. Safari hii akafika kwenye mvua, akaliwa. Akasimama, akaniambia kwa heshima zote, "Shikamoo, Mzee Swalihu, mimi naenda kwa Bi Mwanasha." Wenzake wakamfuata. Nikabaki na mabenchi.

Nikavuka barabara. Watoto wanapiga kelele mpaka nje. Jamaa, fimbo, fisi. Lile lile langu! Cornel amelisugua, akampa Mwanasha. Mwanamke akanikaribisha, "Jaribu, shemeji, leo sikukuu." Nikabonyeza ili nimwoneshe upungufu wake. Jamaa akaruka kama vile kidole changu ndicho kimeruka. Nikapiga. Pa! Fisi akapepesuka, na Wallahi niliisikia kiganjani. Nikapiga tena. Watoto nyuma yangu wakaanza kulalamika kwamba mzee hatoki. Sikutoka hadi adhana ya adhuhuri.

Jumatano, 20

Cherehani imerudi. Nasma ameifuta vumbi, akaanza kushona. Kompyuta iko chini ya kitanda.

Baada ya alfajiri nimekaa juu ya mswala nikatafakari kwa unyenyekevu. Mbona mikono yangu ilifurahi kule, na huku ikachoka? Nikamwomba Mola anioneshe kosa langu. Amenionesha. Katika gemu letu watu wote wana adabu isipokuwa mmoja.

Nimemtumia Cornel ujumbe aje haraka. Fisi naye aamkie kabla ya kula.