Chupa Yenye Msalaba wa Chaki

Jumatatu, 6 Novemba 1978

Ukungu tangu alfajiri. Mizabibu imebaki vijiti vitupu. Mkuu wa ghala la mvinyo amestaafu. Magoti yake yamezikataa ngazi. Nafasi iko wazi! Bibi Solange, mwenye shamba hili la Puymirande, ametukusanya uani akatangaza: Jumamosi, sikukuu ya Mtakatifu Martino, atafungua mvinyo mwekundu wa mavuno ya 1928. Atakayeueleza vizuri zaidi atakabidhiwa funguo za ghala.

Wagombea wawili. Mimi, Odilon Barraqué, mwosha mapipa kwa miaka kumi na tisa. Na Gratien, ambaye pua yake hunusa mvua ikiwa bado iko Uhispania. Mtu mpole, mwenye adabu, msaidizi wa kila mtu. Simpendi.

Nina mpango. Nitauonja kabla. Aliyeuona mtihani mapema hafeli.

Jumanne, 7 Novemba

Saa nne asubuhi. Gratien alikuwa jikoni na mkate wake na maini ya bata. Nikashuka ghalani, kule chini. Mshumaa nimeushika usawa wa magoti, kama tulivyofundishwa: mvinyo unaochacha hutoa hewa nzito inayoua, na mshumaa ndio hutangulia kufa.

Chupa za 1928 ziko thelathini na mbili, na Gratien anazijua kama wanawe. Lakini nyuma kabisa, peke yake, imelala moja isiyo na karatasi ya jina. Imechorwa msalaba wa chaki. Mwaka ni ule ule, umeandikwa ukutani. Yatima! Nani atamuulizia yatima?

Nikaizibua. Rangi ya tofali kuukuu. Harufu ya mwerezi, majani yaliyolowa, kisanduku cha tumbaku. Na nyuma yake kitu kingine: koti la sufu la mtu aliyenyeshewa. Nikanywa mafunda mawili. Utamu ulikuja polepole, kisha ukakataa kuondoka.

Mtu akakohoa.

Si mimi.

Nikaita Gratien. Mshumaa ukazimika. Nikauwasha. Ukazimika tena, taratibu, kama umepulizwa na mtu asiye na haraka. Kwa kupapasa gizani nikaongeza ndani ya chupa mvinyo wa kupikia wa dada yangu Clarisse, niliokuja nao, nikatia kizibo kipya, nikapaka majivu juu yake. Kazi safi kabisa. Nilipanda ngazi mbio, lakini kwa hiari yangu.

Jumatano, 8 Novemba

Nilikuwa uani naosha mapipa huku napiga mluzi. Wimbo wenyewe sijui nimeutoa wapi. Niliukuta tu mdomoni. Bibi Solange akapita na kikapu cha uyoga. Kikapu kikamponyoka. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha wimbo ule. Nikasema sijui, Bibi. Akanitazama viatu, mikono, kisha uso, kama mtu anayechungulia dirishani kuona kama mwenyeji yumo. Akaenda zake bila uyoga.

Miaka kumi na tisa hajawahi hata kunijulia hali! Nimepiga mluzi mpaka saa kumi na moja jioni. Uyoga nimeula.

Jambo moja baya: nimeanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kifupi. Si changu. Changu nakijua.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimeshuka kukagua. Kizibo changu kipya hakipo! Kipo cha zamani, cheusi, na nta yake haina hata ufa. Vumbi limetanda chupa nzima bila alama ya kidole. Ndani, mvinyo umefika shingoni. Nywele zilinisimama, hata zile zilizokwisha nyonyoka.

Kisha nikang'amua. Gratien! Amegundua, akabadilisha chupa ili anitie wazimu. Dawa ya moto ni moto. Mchana nikainyunyizia leso yake ugoro na pilipili ya unga, ile pua ife kabla ya Jumamosi.

Baada ya chakula kikohozi kikanibana. Gratien akaniambia, "Ndugu yangu, utakufa bure wewe," akachomoa leso, akanipangusa uso. Uso mzima. Kwa upendo.

Sasa hivi sinusi hata kitunguu.

Ijumaa, 10 Novemba

Pua bado maiti. Clarisse akanipikia mchuzi wa kitunguu saumu. Nikawa napiga mluzi nikisubiri. Akaweka mwiko chini.

"Acha huo wimbo, Odilon. Mama aliukataza nyumbani humu."

Nikamwambia mimi sikumbuki.

"Utakumbukaje? Hukuwa umezaliwa. Mimi nilikuwa na miaka sita."

Akanisimulia. Wimbo ulikuwa wa Firmin Escoubès, kijana wa ghalani, mchumba wa Bibi Solange kwa siri. Mavuno ya 1928. Firmin aliinama juu ya pipa kuu kukoroga zabibu zinazochacha. Mshumaa ukazimika, akacheka, akauwasha. Ukazimika tena. Akakohoa, akatumbukia. Baba yake Bibi Solange aliamuru mvinyo wa pipa lile umwagwe. Binti akasimama mbele ya bomba, akasema wamwage na yeye. Basi ukatiwa kwenye chupa zisizo na jina, zenye msalaba wa chaki. Kila sikukuu ya Mtakatifu Martino Bibi Solange hufungua moja, akanywa peke yake.

"Imebaki moja tu," Clarisse akasema. "Na nani mwingine angethubutu? Si ni sawa na kumnywa mtu?"

Mchuzi sikuumaliza.

Jumamosi, 11 Novemba

Saa tano, sebuleni, kengele za kanisa zinalia. Bibi Solange akaingia ameipakata chupa mwenyewe. Msalaba wa chaki! Akasema amezeeka, hii ndiyo ya mwisho, na mwaka huu hataki kunywa peke yake.

Gratien akaonja, akafumba macho. Akasema mvinyo huu umeiva siku nyingi, ila unakataa kuondoka. Kuna kitu unakisubiri. Bibi akainamisha kichwa.

Zamu yangu. Nikaonja; bila pua, kinywani maji matupu. Nikafungua mdomo nitaje mwerezi na tumbaku, kama nilivyokariri. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kijana.

"Solange, mshumaa umezimika. Usishuke. Sikuumia, mwenzangu."

Gratien akapiga ishara ya msalaba. Bibi Solange akashika meza. Akasema miaka hamsini amekunywa akingoja neno moja. Akanisogelea, machozi yanamtiririka, akauliza taratibu, "Firmin, kuna lingine?"

Hapo Firmin alikwisha ondoka. Nilimhisi akitoka, kama kuvuliwa koti lililolowa. Kifua chepesi, kikohozi hakuna. Mwenye akili angenyamaza. Lakini bahati ikibisha hodi utakaa? Nikabana sauti.

"Solange mpenzi, mpe Odilon funguo."

Kofi la mwanamke wa miaka sabini na mbili lina nguvu ajabu.

Funguo kapewa Gratien. Bibi ameumwaga mvinyo uliobaki kwenye shina la mzabibu, bila kulia, akasema basi, sasa kila mtu apumzike. Mimi amenikataza kukanyaga ghalani maisha yangu yote. Gratien amenipa pole. Mnafiki!

Jumapili, 12 Novemba

Clarisse ananitaka niende nikaombe msamaha. Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona. Ni sauti. Niliibania puani mno.

Bibi Peyrelongue, mjane wa shamba jirani, amezika waume watatu, na watu husema angetoa chochote amsikie hata mmoja wao. Kazi si ndiyo hiyo! Asubuhi, watu wakiwa kanisani, nimeingiza kichwa kwenye pipa tupu uani nifanye mazoezi. Nikasema kwa sauti nzito, "Mpenzi, ni mimi."

Chini ya pipa, ambamo hamna mtu, karibu kabisa na sikio langu, mwanamke akajibu, "Sogea kidogo, nipite."

Nimemwambia akitaka kupitia kinywani mwangu arudi Jumanne saa nne, na awaulize huko waliko, aje na majina ya wale waume wote watatu.