Mkono Nilioushika Ukweni

Wenzangu, leo nimejiaibisha ukweni, mbele ya ukoo mzima. Chai baadaye, niacheni kwanza niseme.

Mnajua tulialikwa karamu kwa kina Kemunto, kule Nyamira, wazee wake wanitazame kabla ya kukubali posa. (Kunikagua kama ng'ombe wa mnada, semeni ukweli.) Njiani baba mdogo akanionya: "Mama mkwe hashikwi mkono. Haangaliwi usoni. Ukikosea hapo, Kemunto umemkosa."

Nikaingia na viatu vyangu vya raizoni, macho chini. Ugali wa wimbi ukaletwa, na kuku, na mboga chungu ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa. Kila mara miguu ya mwanamke ilipopita, niliganda, tonge mkononi. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Lakini sura ya mama mkwe sikuiona kabisa. Nikajipongeza!

Baadaye mzee wa obokano akaanza kupiga nyuzi uani. Wajomba wa Kemunto wakajipanga, wananitazama mimi tu. Baba mdogo akanong'ona, "Cheza. Wanataka kuona kama uko hai."

Nikatikisa mabega. Watu wakashangilia! (Kichwa kikavimba, sikatai.) Hapo akapita mama mmoja wa kitambaa cha manjano, amebeba kibuyu cha maziwa. Nikadhani ni shangazi. Nikamshika mkono nimtie uwanjani. Akavuta. Nami nikavuta.

"Niache! Niache!"

"Usione haya, mama! Leo ni furaha!"

Obokano ikanyamaza. Kibuyu kikaanguka. Kemunto akashika kichwa kwa mikono miwili.

Mjomba mkubwa akauliza polepole, "Kijana, hiyo mkono umeshika, unajua ni ya nani?"

Mungu wangu! Nilijua kabla hajamaliza. Mama akakimbilia jikoni. Wazee wakaenda kwenye migomba kushauriana, nami nimebaki peke yangu uani, maziwa yamejaa raizoni. Niliogopa, jamani. Yule msichana nampenda.

Wakarudi. Mjomba akakohoa.

"Msichana tutakupa. Lakini kwanza lete mbuzi ya kuosha hii aibu. Na uilete mwenyewe, kwa miguu, upite sokoni watu wakuone."

Sasa sikilizeni. Atakayecheka hapa, ndiye atakayemsukuma mbuzi kwa nyuma.