Andika Kavira

Jumatatu, 6 Novemba 2023
Papa Syauswa, msimamizi wetu wa elimu ya uraia, ametangaza jambo. Mjitoleaji mmoja kati yetu kumi na wanane ataenda Beni kufundisha timu zote namna ya kupiga kura. Mmoja! Ni mimi. Wengine bado hawajajua.

Nina licence, shahada kamili, ya sheria. Pia nina miaka miwili ya kuchambua maharagi kwa mama, ambaye huwaambia majirani kwamba Kavira wake "iko anajitayarisha". Beni ingewafunga midomo wote, yeye wa kwanza.

Kizuizi: Falonne, mjitoleaji mwenzangu. Jumamosi aliwaeleza wamama wa soko kura ya siri kwa sufuria na kifuniko. Walicheka, na wakaelewa. Mimi nilikuwa nimewapa dakika arobaini za kifungu cha tano cha katiba. Mmoja alilala. Ndiyo nchi yetu.

Papa Syauswa anasema tutamchagua mtu huyo Ijumaa kwa kura, tufanye tunachofundisha. Akauliza nani ataandika kanuni. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Jumanne, 7 Novemba
Kanuni: kurasa tisa. Kifungu cha tatu kinakataza kampeni. Kifungu cha saba: kura isiyoonyesha wazi inamchagua nani, ni bure. Hicho nimemwekea Josaphat wetu, anayeweza kuchora moyo badala ya kuandika Falonne.

Wote wametia sahihi bila kusoma. Walimu wa uraia! Nimesikitika, nikakusanya karatasi haraka.

Jumatano, 8 Novemba
Sifanyi kampeni. Ninahamasisha. Maneno yangu ni mawili tu: andika Kavira. Mafupi, hata Grady atayaweza. (Jina langu la ubatizo ni Audrey. Linafaa saluni.)

Nimewahamasisha watu kumi na wanne, kwa beignets, maandazi ya soko. Grady alitafuna yake polepole, akasema haina goût, yaani ladha, ya kampeni, niongeze ingine. Niliongeza. Providence, anayeniheshimu kama dada mkubwa, aliniuliza, "Yaya, hii hapana propagande?" Nikamwambia ni elimu. Akanikumbatia, machozi yakimlenga. Sikuelewa kwa nini. Pengine nina mvuto nisioujua.

Ijumaa, 10 Novemba
Niandike kwa utulivu.

Papa Syauswa alifungua karatasi moja moja. Kavira. Kavira. Kavira. Mara kumi na nne! Falonne tatu, Grady moja (mwandiko wa Grady). Nilisimama, nikanyoosha kikwembe kiunoni, nikaanza kuwashukuru.

Josaphat akainua mkono. Akauliza, kwa upole wa kuchukiza, "Kavira gani?"

Papa Syauswa akavaa miwani na kusoma orodha. Kavira Audrey. Kavira Jessica. Kavira Providence. Kavira Falonne.

Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kufuatana na zamu yake ya kuzaliwa, hivyo kina Kavira ni wengi. Ninalijua hilo tangu nizaliwe. Ninamjua Falonne miaka sita. Haikuwahi kunijia kwamba hata yeye alizaliwa kwa zamu!

Providence akalia waziwazi. Alidhani nilikuwa nampigania yeye.

Kifungu cha saba. Kura kumi na nne, bure. Niliomba kanuni itafsiriwe kwa moyo wake, si kwa maneno yake. Papa Syauswa akauliza nani aliiandika. Kicheko kilichofuata lazima kilisikika hadi Manguredjipa.

Kwa hiyo Falonne alishinda kwa kura tatu. Akakataa! Akasimama akasema, "Dada yangu alitumika kazi sana. Hapana haki vile. Turudilie, kila mutu aandike majina yote mawili." Wakapiga makofi. Unyenyekevu wa namna hiyo ungepaswa kukatazwa na sheria.

Tukarudia. Falonne kumi na tatu. Mimi nne. Grady moja.

Nne! Beignets niliwanunulia watu kumi na wanne. Nilimkabili Jessica mlangoni, nimuulize aliandika nini. Akanikumbusha, bila kutabasamu, kwamba kura ni siri.

Nyumbani mama alinisogezea ungo wa maharagi.

Jumapili, 12 Novemba
Falonne amekuja baada ya misa. Anaenda Beni kesho. Anasema sufuria anaiweza, ila sheria hapana. Akaniomba nimwandikie somo, atalisoma mbele ya timu zote, neno kwa neno.

Neno kwa neno! Nilichambua maharagi kidogo ili nisionekane nina haraka.

Nimemaliza kurasa saba. Usinunue kura. Heshimu matokeo. Nimeandika kwa uchungu, ni kazi nzuri sana. Beni nzima itajiuliza ni akili ya nani. Nimeshalifikiria hilo. Mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa, atatangaza mwenyewe: MWENYE SWALI AMTAFUTE KAVIRA.

Fupi. Hakuna atakayekosea.