Kuonja Si Kula

Jumamosi, 12 Machi

Mizani: 123. Jumamosi iliyopita: 123. Ile ya kabla yake sitaki kuitaja, lakini nayo ilikuwa 123. Imegoma kama punda darajani.

Miezi mitatu sasa tangu nikatwe robo tatu ya tumbo kule Tashkent. Mwanzoni kilo zilitoka vizuri, kama wageni waliokwisha kula. Zilizobaki zimekaa. Zinapiga soga. Zinaomba chai nyingine.

Mwanyumba wangu Sobit, mume wa mdogo wake mke wangu, tulipasuliwa naye siku moja, daktari mmoja, vitanda vimegusana. Leo kaja kwetu kavaa suruali ya mwanawe! Akajizungusha mbele ya kioo chetu kama bi harusi. Eti Botir-aka, yaani kaka Botir, hebu shika hapa kiunoni, pana nafasi ya kuku mzima. Nikashika. Nafasi ipo. Nikamtamani huyo kuku.

Kubwa kuliko hilo: mke wangu Mahfuza amempigia simu Daktari Saodat. Wanawake wawili wamenihukumu mimi nikiwa chumba cha pili. Tunakwenda kupimwa Ijumaa ya tarehe 25. Nikiwa chini ya 120, heri. Nikiwa juu, marufuku kusogelea sufuria la pilau mwaka mzima. Mimi! Fundi wa pilau za harusi, ninayejulikana Margilan nzima! Na mwezi wa tano binti yetu Zulhumor anaolewa. Pilau ya mwanangu atapika nani? Sobit, kasema Mahfuza. Sobit! Miaka yote ananikatia karoti, na mpaka leo vipande vyake utadhani kuni.

Kapgiri yangu, ule upawa wa chuma wenye matundu alioniachia marehemu baba, imefungiwa ndani ya kasha la vyombo vya harusi. Nikauliza kosa langu ni lipi, mtu ninayekula kama shomoro. Mahfuza akauliza huyo shomoro huonja mara ngapi katika harusi moja. Nikamweleza kwa upole kwamba kuonja si kula. Kuonja ni kazi. Akasema basi hakuna mtu mchapakazi kama mimi.

Jumapili, 13 Machi

Ushindi! 119!

Siri: niliiweka mizani juu ya zulia nene la sebuleni. Nikaita nyumba nzima. Zulhumor akapiga makofi, akanibusu. Mahfuza akaitazama namba. Akalitazama zulia. Akaibeba mizani mpaka barazani, kwenye saruji.

123.

Akarudi jikoni. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 15 Machi

Hamamu. Nimekaa kwenye mvuke mpaka msuguaji akaja kuuliza kama bado nipo hai. Nikatoka mwekundu, mwepesi, mtu mpya. Mizani ya pale mlangoni: 121 na nusu!

Nikapita mkahawani kwa Ergash ili habari zisichelewe kufika. Kosa. Kwetu mgeni wa heshima humiminiwa chai robo bakuli, ili mwenyeji apate kumimina tena na tena. Leo niliheshimiwa mno. Niliheshimiwa birika zima, kisha birika lingine. Na kila heshima ilifuatana na kipande cha sukari ya mawe, maana kukataa ni kumtukana Ergash, na Ergash ana moyo mwepesi.

Nyumbani: 123. Kwa desimali, zaidi kidogo. Desimali siziamini.

Jumatano, 16 Machi

Nimempigia Daktari Saodat mwenyewe. Nikalalamika kwamba huenda alimkata mtu mwingine tumbo akadhani ni mimi. Amesema kupungua polepole si ajabu. Mwili ukishtuka huking'ang'ania ulicho nacho. Nivumilie. Nitembee. Nile nyama laini, mayai, majani kwa wingi. Nitafune kama mtu asiye na pa kwenda. Na vitamu laini vinavyoteleza niviogope kama moto, maana tumbo dogo haviligongei hodi, vinapita tu. Hapo simu ikaanza kukatikakatika, au mimi ndiye niliyeanza kukatika. Nimeshika la majani.

Na tazama neema: Navruzi, mwaka mpya wetu wa machipuko, inakaribia! Kila ua mtaani linapika sumalak. Na sumalak ni nini? Ngano iliyochipua! Chipukizi! Yaani ni majani, ila yamekorogwa motoni mchana kutwa mpaka yakawa uji mzito wa kahawia. Sukari haitiwi hata chembe; utamu wake ni wa kujaaliwa. Nikapewa bakuli kwa jirani yetu Hojar-opa, dada wa mtaa mzima. Likashuka bila kukwama popote. Kama barua iliyoandikwa jina langu.

Sobit alikuwepo, akakataa. Eti asante, tumbo langu lina mwenyewe, yuko Tashkent. Nikamwambia mwanyumba, ndiyo maana uso wako umekuwa kama begi lililokwisha kupakuliwa. Wanawake wakacheka. Naye akacheka. Hilo ndilo lililoniudhi.

Ijumaa, 18 Machi

Majani na matembezi kwa pamoja! Nimezunguka mtaa mzima kwa miguu, mlango baada ya mlango, kuwatakia watu heri ya Navruzi. Kila mlango, bakuli. Wengine niliwatakia heri mara mbili. Mahfuza akafurahi kuona viatu vyangu vina vumbi.

Mizani: 124 na nusu.

Sobit alikuja jana. Alipita karibu na mizani. Mimi sisemi kitu.

Jumapili, 20 Machi

Nimeamua kumfumania. Mtu hakondi hivi kwa uaminifu. Lazima ana dawa, au ana jini. Adhuhuri nikaingilia mlango wa nyuma wa nyumba yake kwa kunyata, kwa kadiri mtu wa kilo zangu awezavyo kunyata. Kuku wake wote wakanitangaza.

Nikamkuta uani. Sufuria dogo motoni. Pilau! Nikainua kidole nimwaibishe, ndipo nikaona kajifunga taulo puani na machozi yanamtoka. Hakuwa anakula. Alikuwa anajifunza. Akaniambia tangu apasuliwe, harufu ya mafuta ya mkia wa kondoo tunayopikia pilau inampindua matumbo. Akiinamia sufuria anatapika. Lakini mkewe keshautangazia ukoo mzima kwamba Sobit ndiye fundi wa harusi. Akanishika mkono. Aka, nakuomba, punguza. Usipunguze kwa ajili yako, punguza kwa ajili yangu.

Nikaionja pilau yake (kazi!). Mchele umelala kama uji, karoti zimesimama kama kuni. Akilini nikamuona Zulhumor kati ya wakwe zake, na wageni ua zima wakitafuna kwa adabu. Hasira ikaniisha.

Nikamshauri awaambie wake zetu ukweli. Akasema niwaambie mimi. Tukatazamana.

Tukaamua kudanganya.

Jumatatu, 21 Machi. Navruzi

Sherehe kwa Hojar-opa. Sumalak ya mwisho, ile nzito ya chini ya sufuria. Bakuli mbili, kwa ajili ya afya. Hazikupita dakika nyingi, moyo ukaanza kupiga dufu, jasho likanitoka, ua likazunguka na watu wake. Nikajilaza chini ya mti wa aprikoti, maua yananidondokea usoni. Ingekuwa picha nzuri, kama si kutapika.

Mahfuza akaja akakaa kichwani pangu, akawa ananipepea kwa ncha ya mtandio. Nikasubiri matusi. Hayakuja. Akasema baba yangu alianguka kando ya sufuria akiwa na miaka hamsini na minne, kapgiri mkononi, na watu wakakisifu kile kifo kuwa ni cha fundi wa kweli. Yeye sifa hizo hazitaki. Anataka mtu wa kukaa naye upande wa wazazi siku ya Zulhumor, na siku za wajukuu, mtu wa kugombana naye uzeeni.

Mimi nina hamsini na mitatu.

Mdomo ulikuwa bado mtamu.

Alhamisi, 24 Machi

Mazoezi na Sobit, ghalani kwake. Mpango: nitavaa joho refu. Sobit atasimama nyuma yangu kama ndugu mwenye adabu, mikono ndani ya joho, aninyanyue kwa mshipi. Kilo nne tu, si zaidi. Jaribio la kwanza: 119. La pili: 108. La tatu: 126, akidai alipiga chafya. Nikamwambia mwanyumba, nyanyua kwa kiasi, kama unavyotia chumvi. Akanikumbusha kwamba hajawahi kutia chumvi nikaridhika.

Ijumaa, 25 Machi

Treni ya alfajiri mpaka Tashkent. Sobit hakula kitu njiani kwa hofu. Mimi nilikula yai lake.

Nikapanda mizani kwa madaha. Sobit nyuma. Mahfuza kitini. Daktari Saodat na miwani yake. Namba zikapanda, zikatulia: 119! Nikatabasamu. Daktari akasema nisishuke kwanza, anatafuta vipimo vya zamani. Anavitafuta polepole yule mama! Anaramba kidole, anafunua ukurasa. Nyuma yangu nikasikia Sobit anahema. Mshipi ukaanza kutetemeka. 114. 121. 116. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ndipo magoti yakamlegea maskini Sobit, akaniangukia mgongoni, miguu yote miwili juu ya mizani.

Mia mbili na tano.

Daktari akasema amewaona wengi, ila hajaona mtu akinenepa hivyo bila kumeza kitu.

Mahfuza alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Aibu ya kweli ikanishika, siifichi. Kumbe anacheka! Akacheka mpaka akaombwa maji.

Peke yangu, bila joho wala mwanyumba: 122.

Nikasema basi, imekwisha. Hapo Sobit, akiwa bado sakafuni, akayamwaga yote: harufu, taulo, pilau iliyokuwa uji. Aliyasema mbiombio, mwisho akapumua kama mtu aliyetua gunia. Harusi mwezi wa tano, na mafundi wawili: mmoja haachi kuonja, mwingine anatapika.

Daktari akachukua utepe akanizungushia kiunoni. Kiuno kimepungua kuliko mara iliyopita. Sukari ya damu nayo imeshuka. Akasema mwili unakwenda, ila kwa mwendo wake, na mimi ndiye ninayeuwekea magogo njiani. Akauliza nimekula nini wiki hii. Nikajibu majani. Mahfuza akasema sumalak, na si bakuli moja wala mlango mmoja, watu wamemwambia. Daktari akafumba macho.

Kisha akasema uamuzi anamwachia mwenye nyumba. Mwenye nyumba si mimi, nimegundua. Mahfuza akasema pilau ya Zulhumor nitaipika mimi, maana hataki bintiye achekwe. Sobit atakata karoti. Chumvi ataionja yeye Mahfuza mwenyewe. Na mimi niape. Akatoa mkate wa safari mkobani, nikaushika kwa mikono miwili, nikaapa kwamba nikiwa napika, hakuna punje ya wali itakayopita midomo yangu.

Kwetu kiapo cha mkate si mzaha. Mahfuza akanipangusa jasho. Safari nzima ya kurudi alinilalia begani.

Jumapili, 27 Machi

Kapgiri imerudi mkononi! Jaribio la kwanza, uani kwetu. Sobit na taulo lake puani, kwenye kona yenye upepo, anakata karoti. Kuni, kuni tupu, lakini leo nimemsamehe. Mahfuza pembeni na kijiko chake, macho kama askari wa mpakani.

Mafuta yakachemka. Kitunguu kikawa dhahabu. Nyama, karoti, maji, bizari ikapanda puani. Mchuzi ukatulia, mwekundu, unachekacheka pembeni mwa sufuria. Mchele bado upo kwenye beseni, umelowekwa, haujui la kesho wala la leo.

Simu ikaita ndani. Mama mkwe wa Zulhumor. Mahfuza akaingia.

Nikawaza kama mtu mcha Mungu aliyeapa. Mkate sitauchezea, hilo ni la kwanza. Niliapa juu ya nini? Juu ya punje ya wali. Nikachungulia sufuria. Punje haikuwemo hata moja. Nikakoroga mpaka chini kuhakikisha, maana dhamira yangu ni safi. Hapana. Mchuzi mtupu. Pilau bado haijazaliwa!

Sobit akaniona na bakuli. Akashusha taulo, macho yamemtoka, akauliza Aka, unafanya nini? Nikamwambia arudi kwenye karoti zake. Kiapo kinaanza mchele ukiingia.

Chumvi ilikuwa imekaa sawasawa. Lakini fundi haamini bakuli moja.