Mdhibiti Hadhibiti Koki

Jumanne, 9 Septemba
Runzewe muuza maji ni mmoja tu: mimi, Meshack. Baiskeli moja, madumu sita, akili nyingi. Adui yangu Mama Ritha wa kioski cha bomba. Ndoo yake bei chee, imepangwa na mdhibiti wa bei, na yeye haongezi hata senti. Mshamba! Mimi nachota bure kwenye duara la zamani, shimo la dhahabu lililojaa maji. Rangi kama chai ya maziwa. Wajenzi wananunua kukorogea saruji. Mimi nataka jikoni.

Kesho kuna kikao. Watu wa maji wanaomba kupandisha bei, mdhibiti anakuja kusikiliza wananchi kwanza. Bei ikipanda, akina mama wote wangu!

Jumatano, 10 Septemba
Nimejaza vijana ukumbini, soda kila mmoja. Nimewafundisha: mkisikia neno bei, makofi. Wamepiga! Meneja wa maji alishtuka mpaka akaangusha karatasi. Hajawahi kushangiliwa.

Mwenyekiti, mama mpole mwenye miwani, akasema makofi si sababu, mmoja asimame aeleze. Wakamsukuma Denis. Denis akaamkia shikamoo, akasema anaunga mkono, sababu anazo Meshack. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikasema maji ya bei juu yana vitamini. Walicheka mpaka walinzi.

Kisha akasimama dada yangu Scolastika. Mume yuko machimbo ya Geita, hajatuma kitu tangu masika. Akauliza ndoo ikipanda, Hosiana wake wa miaka minne atakunywa nini. Mwenyekiti akaandika. Dada wa tumbo moja! Msaliti!

Jumatatu, 6 Oktoba
Uamuzi umetoka. Bei ya majumbani imepanda kidogo, ya kioski haiguswi. Meneja kaambiwa azibe kwanza mabomba yanayovuja, ndipo arudi kuomba tena. Mama Ritha kanipita akiuliza kama vitamini zimefika.

Cheka tu, mama. Mdhibiti anadhibiti bei. Hadhibiti koki. Nimeazima spana kwa Benjamini fundi baiskeli.

Jumanne, 7 Oktoba
Koki ya kioski imevunjika! Nani kaivunja? Anajua Mungu, na mimi. Laini nzima imefungwa, fundi kaenda Kahama kutafuta nyingine.

Foleni kwangu mpaka barabarani! Bei nimeizidisha mara nne. Wanauliza maji ya wapi, nasema bomba la Ushirombo. Vibibi wananiitikia wabeja, wabeja. Kushukuriwa kutamu jamani.

Jioni kaja dada na ndoo. Nimemuuzia bei ileile, akome kusimama vikaoni. Kauliza kama ni ya kunywa, maana mkaa wa kuchemshia hana. Nikamwambia haya hayahitaji moto.

Alhamisi, 9 Oktoba
Hosiana anatapika na kuharisha tangu alfajiri. Nimeshusha madumu, nimempakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Macho yamezama. Analia, machozi hayatoki. Dada kaniuliza tena, polepole, maji yale ya wapi.

Nikasema Ushirombo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Zahanati imejaa. Kitanda kimoja watoto wawili, wengine sakafuni. Wote wateja wangu, hata mjukuu wa Mama Ritha. Dripu ya Hosiana wameipitishia mguuni, mkononi mshipa haukuonekana. Hafumbui macho. Dada haongei nami, ameshika ule mguu tu. Nimesema pole. Nitamletea soda, atapoa.

Nesi Rhoda katoka kutangaza: wagonjwa wanywe maji mengi mno, na bomba la zahanati liko kwenye laini iliyofungwa. Akauliza nani anaweza kuleta maji safi haraka. Watu wakatazama chini.

Nikanyoosha mkono! Nikataja bei palepale kabla hajabadili mawazo, nikakimbilia baiskeli.

Ushirombo mbali, na jua hili. Duara liko karibu.